Mafundi wangu wana mawazo, mbona hawayaleti kazini?

SWALI: "Ndugu mtaalamu, naendesha karakana ya samani hapa Mbeya, si mbali na Mwanjelwa. Niliipokea kwa baba yangu alipochoka kazi. Mimi si fundi, nilisomea uhasibu. Nina mafundi tisa na msimamizi mmoja, mzee aliyefanya kazi na baba tangu mimi nikiwa shule. Tunatengeneza vitanda, makabati, meza na milango, zaidi kwa mbao za paini kutoka Mafinga. Tatizo ni kwamba tunatoa vitu vilevile vya enzi za baba wakati wateja wananionyesha picha za kisasa kwenye simu. Kila Jumatatu asubuhi naitisha kikao na kuwaambia leteni mawazo mapya. Wanaangalia chini. Niliweka zawadi ya shilingi 50,000 kwa wazo bora la mwezi. Mwezi wa kwanza alijitokeza mmoja, baada ya hapo hakuna. Kumbe kijana mmoja wao, huko kwake Iyunga, jioni anatengeneza viti vizuri sana na kuviuza kwa picha za WhatsApp. Nilipoviona niliumia. Msimu wa mvua uliopita mteja wa Uyole alirudisha kabati, milango imebana haifunguki. Fundi mmoja akaninong'oneza baadaye kwamba alijua tangu mwanzo itabana, ila hakusema. Kwetu anayeharibu mbao anakatwa kwenye malipo, na baada ya gundi na misumari kupotea nilifunga kamera tatu. Nina mkopo wa benki, siwezi kucheza na hasara. Wenzangu wananiambia nikiwaamini wafanyakazi watakuwa wabunifu. Nikiwaamini si wataniibia? Au niwaondoe tu, niajiri vijana wapya kutoka vyuo vya ufundi vya VETA?"

JIBU: Dada yangu, pole na kazi, na pole na mzigo wa mkopo. Nikiliweka swali lako kwa ufupi, unaniuliza hivi: una watu wenye mikono mizuri, umewaomba mawazo, umeweka hata fedha mezani, lakini akili zao zinachangamka jioni wakiwa kwao, mchana kwako zimelala. Na dawa unayotajiwa na wenzako, yaani kuwaamini, unaiona kama kukaribisha wizi. Hofu hiyo haijatoka hewani. Gundi imepotea kweli. Kwa hiyo sitakuambia ufumbe macho. Nitajaribu kukuonyesha ni jambo gani hasa uwaamini nalo, na lipi uendelee kulifunga kwa kufuli.

Nianze na kabati la Uyole, maana lina majibu mengi kuliko hata viti vya Iyunga. Fundi yule alikuwa na wazo. Tumezoea kudhani wazo jipya ni kiti ambacho hakijawahi kuonekana, kumbe hata "tuache upenyo kidogo hapa, mvua zikianza mbao itavimba" ni wazo, tena kwa biashara yako lina thamani kuliko michoro mingi. Mtu anayeranda paini kila siku anaijua tabia yake: ikiwa mbichi itanywea na kupinda, ikikazwa kiangazi bila nafasi itabana mvua zikishika. Hakuhitaji kusoma popote. Alihitaji tu kufungua mdomo.

Sasa mtazame alivyosimama siku ile. Vipimo vimeshatolewa na mzee. Akisema, anamkosoa mtu mzima mbele ya wenzake. Akisikilizwa, kisha ikatokea mlango umelegea, itabidi urudiwe, na mbao ile atakatwa yeye, maana ndiye aliyebadilisha. Akisikilizwa na akawa sahihi, hakuna atakayejua, kwa sababu mlango unaofunguka vizuri haupigiwi makofi na mtu. Akinyamaza je? Hapotezi kitu. Kabati likirudi, vipimo ni vya mzee. Piga hesabu hiyo kwa upande wake, wewe ni mhasibu, uone inaangukia wapi. Sioni uvivu hapo wala chuki. Kwenye karakana yako kunyamaza ni bure na kusema kuna gharama.

Hapo ndipo imani inapokutana na ubunifu. Kujaribu kitu kipya ni kukubali kwamba pengine utaharibu. Kila jaribio lina hasara ndani yake, na lazima apatikane wa kuibeba. Fundi anayeshika mbao nzima akitaka kuikata tofauti na ilivyozoeleka anajiuliza jambo moja kabla hajasogeza msumeno: ikiharibika, itakuwaje kwangu? Mwaka 1995 watafiti watatu wa mambo ya uongozi, Roger Mayer, James Davis na David Schoorman, waliieleza imani karibu hivyohivyo: ni utayari wa mtu kujiweka mahali ambapo mwingine anaweza kumuumiza, akitegemea kwamba hatamuumiza. Wakasema utayari huo unajengwa na mambo matatu ambayo kila mmoja wetu anayapima kwa mwenzake. Je, kazi yake anaiweza? Je, ananitakia mema? Na je, neno lake linashikika?

Kwako wewe la kwanza na la pili sioni kama yana shida kubwa. Hukujifanya fundi, na hilo ni jema. Mafundi hawamdharau bosi asiyejua kuranda kama wanavyomdharau anayejifanya anajua. Wala barua yako si ya mtu anayewatakia mabaya. Kidonda kiko kwenye la tatu. Jumatatu unasema leteni mapya. Siku ya malipo aliyeharibu mbao anakatwa. Wewe unaona ni mambo mawili tofauti, moja la maendeleo na jingine la nidhamu. Wao wanayasikia kama kauli mbili za mtu mmoja, na wanaiamini ile yenye fedha ndani yake.

Watu wengi wakisikia neno imani kazini wanadhani ni upole, bosi anayecheka na kila mtu na asiyegomba. Sivyo. Profesa Amy Edmondson wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, amelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, na utafiti wake wa mwaka 1999 utakugusa: aliufanya kwenye timu 51 za kiwanda kinachotengeneza samani za ofisini. Alichokuta ni kwamba timu ambazo watu wake waliona wanaweza kuuliza, kukiri kosa au kupinga jambo bila kuaibishwa, ndizo zilizokuwa zinajifunza, na zilizojifunza ndizo zilizofanya kazi vizuri. Alichokipima ni usalama wa kusema. Timu ingeweza kuwa nao na bado ikawa na mabishano makali na viwango vikali vya kazi.

Kabla ya hapo alikuwa amekutana na jambo lililomshangaza hospitalini. Alitegemea kwamba wodi zenye timu nzuri zingekuwa na makosa machache ya utoaji dawa. Takwimu zikaja kinyume: timu nzuri ndizo zilizoonekana kuwa na makosa mengi. Alipochimba akaona kwamba hazikosei zaidi, ila wauguzi wake wanayasema makosa, wakati kwenye wodi zenye wakuu wakali makosa yalifichwa. Shika hilo, kwa sababu litakusaidia baadaye. Karakana yako ikianza kupona, jambo la kwanza utakalolisikia ni habari mbaya. Utaambiwa mbao za shehena ya mwisho zilikuja mbichi, gundi ile ya bei nafuu inaachia, randa ya umeme inachana. Utadhani mambo yameharibika kuliko mwanzo, kumbe yalikuwepo siku zote na sasa yamepata mdomo.

Kuna jingine linalowapata wengi: kuamini kwamba hofu ya kukatwa inamfanya fundi awe mwangalifu. Inamfanya awe mwangalifu kweli, lakini wa nini? Mwaka 2005 huyohuyo Mayer na mwenzake Mark Gavin waliandika utafiti wa kampuni moja ndogo ya viwanda huko Marekani. Waliona kwamba mfanyakazi asiyeamini wakubwa wake anashindwa kuielekeza akili yote kwenye kazi, maana sehemu ya akili hiyo inamlinda yeye: nani ananitazama, nikiulizwa nitajibu nini, kosa hili litaonekana ni la nani. Ubunifu ndio unaoumia kwanza, kwa kuwa kukata kitanda kilichozoeleka mkono unaweza kukifanya wenyewe, lakini kufikiria kiungio kipya kunataka akili iliyotulia.

Hapa niseme kuhusu kamera, maana hukuniambia zimetazama wapi. Kamera kwenye mlango wa stoo na geti sina ugomvi nayo hata kidogo. Misumari iliibwa, stoo ilindwe. Kamera iliyotazama mikono ya fundi kwenye benchi ni jambo jingine kabisa. Haizuii wizi wa gundi, kwa sababu gundi kwenye benchi tayari imetolewa kwa kazi, lakini inamwambia mtu kila dakika kwamba akisimama kufikiri ataonekana hafanyi kazi. Na kufikiri, dada yangu, kwa nje kunafanana sana na kukaa bure. Fundi amesimama na kipande cha mbao mkononi, anakigeuza, anakitazama, anakirudisha, anachukua kingine. Ukimwona kwenye simu yako ukiwa benki, utasema nini?

Ya zawadi nitayapita haraka. Mwanasaikolojia Teresa Amabile alionyesha mwaka 1979 kwamba watu waliojua mapema kuwa kazi yao ya sanaa itapimwa na wataalamu walitoa kazi yenye ubunifu mdogo kuliko wasiojua, isipokuwa walipoelekezwa waziwazi wafanye nini. Fedha na hukumu zikitangulia, mtu anakimbilia kilicho salama. Sisemi usitoe chochote. Toa baada ya kazi kuonekana, kama shukrani, na toa kwa namna isiyowafanya wanane wawe wameshindwa kila mwezi ili mmoja ashinde. Tena jiulize huyo aliyejitokeza mwezi wa kwanza wazo lake lilifanyiwa nini. Kama lilipewa 50,000 kisha likakaa kwenye daftari, hao wengine wanane walijifunza kutoka kwake. Watu hunyamaza kwa hofu, lakini vilevile hunyamaza kwa kuona kwamba hata wakisema hakuna kitakachobadilika, na sababu hii ya pili mara nyingi wenye biashara hawaioni.

Sasa kijana wa Iyunga. Umeumia, na ninaelewa, lakini viti vile ndivyo ushahidi wako mkubwa kwamba tatizo haliko kwenye vichwa vya mafundi. Kwake ana mabaki ya mbao, ana taa moja, hana mashine ulizonazo wewe, na bado anabuni. Tofauti ni kwamba kule akiharibu hasara ni yake na hakuna wa kumfokea, na akipatia, jina ni lake na fedha ni zake. Kwako akiharibu hasara bado ni yake, akipatia faida ni yako. Nadhani wewe mwenyewe ungechagua jioni.

Usiviingize viti vyake kwenye orodha yako ya bidhaa bila makubaliano. Ukifanya hivyo hutapata tena hata wazo moja kutoka kwa yeyote kati ya tisa. Mwite pembeni, msifie kazi kwanza kama inavyostahili, kisha zungumzeni biashara: angependa kutengeneza muundo ule karakanani, kwa mashine zako na mbao zako, na apate kiasi fulani kwa kila kiti kinachouzwa? Andikeni kwenye karatasi, ukurasa mmoja unatosha, mtie saini wote wawili. Kama una wasiwasi kwamba anatumia mbao zako au anachukua wateja wako, muulize wazi siku nyingine, kama swali la peke yake. Ukichanganya sifa na tuhuma kwenye mazungumzo mamoja atakumbuka tuhuma tu. Na uwe tayari akikataa. Anayo haki ya kutumia jioni zake, mradi hagusi mali yako wala wateja wako.

Nimeliacha kwa makusudi suala la mzee, kwa kuwa ndilo gumu kuliko yote. James Detert na Edmondson waliandika mwaka 2011 juu ya sheria zisizoandikwa ambazo wafanyakazi hutembea nazo kichwani: usimkosoe mkubwa mbele za watu, usimruke bosi wako ukaenda kwa bosi wake, usiseme kama huna ushahidi wote. Hiyo ni Marekani. Kwetu Nyanda za Juu Kusini kijana huja kazini akiwa tayari amelelewa na sheria hizo nyumbani, pamoja na shikamoo. Anayemsahihisha mzee hadharani hana adabu, basi. Ukiitisha kikao cha Jumatatu, mzee amekaa mbele, halafu ukasema "leteni mawazo mapya", kwa masikio ya vijana unawaambia waseme mbele yake kwamba kazi yake ya miaka yote imepitwa. Na kwa masikio ya mzee mwenyewe unatafuta watu wa kumwondoa.

Sikushauri upigane na heshima hiyo. Hutaishinda, na wala haistahili kushindwa. Ndiyo inayofanya vijana tisa wakae na mzee mmoja bila ugomvi. Itumie. Kabla hujabadilisha chochote, nenda kwa mzee peke yake, ikiwezekana nyumbani kwake, mwambie unachokiona na umuombe msaada. Mpe kazi ambayo hakuna mwingine anayeiweza: kitu kipya kikishatengenezwa, yeye ndiye akikague na kusema kitadumu au hakitadumu, na aeleze kwa nini. Angalia mpangilio wake. Anakagua baada ya jaribio. Kabla ya jaribio hana kura. Kijana akijua kwamba kitu chake kitafika kwenye benchi kwanza ndipo kipingwe, atajitahidi kukifanya kizuri ili kimshinde mzee kwa hoja, na mzee atapinga kama mwalimu, asijisikie kama ameshtakiwa.

Kuna sentensi moja ambayo mzee akikubali kuisema mbele ya wote itafanya kazi kubwa kuliko vikao vyako vyote. Nayo ni hii: "Lile kabati la Uyole vipimo vyangu vilibana." Muombe, usimlazimishe. Na kama wewe mwenyewe uliwahi kuharakisha kabati lile litoke kabla mbao hazijakauka, anza wewe.

Kikao cha Jumatatu kiache kwa ajili ya ratiba na oda. Mawazo yafuate kwenye benchi. Pita asubuhi, simama na fundi mmoja, ushike kitu anachotengeneza, na badala ya kumwomba wazo muulize: "Kwenye kabati hili ni kitu gani kinakupotezea muda?" Au: "Ungekuwa unatengeneza la nyumbani kwako, ungebadilisha wapi?" Swali la aina hiyo linajibika bila kumgusa mtu. Halafu fanya jambo moja dogo kati ya uliyoambiwa ndani ya wiki hiyohiyo, hata kama ni kununua msasa mzuri. Wataona.

Tuje kwenye hasara na mkopo, maana hapa wewe na mafundi wako mna hofu moja. Wewe huwezi kubeba hasara isiyo na mwisho, nao pia hawawezi. Suluhisho ni kuiwekea hasara ukuta kabla haijatokea. Kaa na daftari lako, chagua kiasi ambacho kikipotea chote mwisho wa mwezi hakitagusa rejesho la benki. Hicho ndicho cha kujaribia. Tenga benchi moja na nusu siku kwa wiki, labda Jumamosi asubuhi. Anzeni na mabaki ya paini, msiguse mninga. Chochote kitakachoharibika pale hakikatwi kwa mtu, na uwatangazie hivyo kwa maneno mepesi mzee akiwepo.

Siku ya kwanza mbao itakapopasuka kwenye benchi hilo, hawatakuwa wanaitazama mbao. Watakutazama wewe. Ukikunja uso, ukauliza "nani kafanya hivi?", umerudi ulikotoka, tena kwa hali mbaya zaidi, kwa sababu sasa umetoa neno na umelivunja. Mtafiti Paul Slovic aliandika mwaka 1993 kwamba imani hujengwa polepole na hubomoka mara moja, na nimeliona hilo sana kwenye biashara ndogo za mikoa hii. Kwa hiyo jiandae na sentensi yako mapema. "Tumejua nini hapa?" inatosha.

Nje ya benchi hilo, tofautisha uharibifu. Kuna uzembe, fundi anaongea na simu huku msumeno unakata. Kuna makosa ya kazi ya kawaida, mbao ilikuja na ufa ndani au blade ni butu na aliomba mpya akanyimwa. Huwezi kuyapa malipo yaleyale. Na hata uzembe, utaratibu wako wa kukata moja kwa moja unakuweka pabaya kisheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikuruhusu kumkata mfanyakazi fidia ya hasara kwa neno la mdomo. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lake, umpe kwa maandishi sababu, kiasi na jinsi ulivyokipata, umpe nafasi ya kupinga, awe ameridhia kwa maandishi, usidai zaidi ya hasara halisi, na makato yote yasizidi robo ya mshahara wake. Ningekushauri uusimamishe utaratibu huo leo, hata kama hutafanya lolote jingine nililosema.

Na wizi? Imani ninayokuambia haigusi ufunguo wa stoo. Waamini katika uamuzi wa kazi yao: kwamba wakisema mbao ni mbichi ni mbichi, wakitaka kujaribu kiungio kipya wana sababu. Mali iendelee kuhesabiwa. Mtu mmoja atoe vifaa, mwingine ahesabu, gundi na misumari viandikwe kwa kila oda. Hapo uhasibu wako ni silaha, na mfanyakazi mwaminifu hufurahia hesabu iliyo wazi kwa kuwa inamtoa kwenye orodha ya washukiwa. Kiwanda cha Toyota huko Japani kinajulikana kwa udhibiti mkali wa kila kitu, na hapohapo mfanyakazi wa kawaida kwenye mstari wa kuunganisha magari anaweza kuvuta kamba au kubonyeza kitufe akiona kasoro, msimamizi akaja, na isipotatuliwa mstari ukasimama. Tangu 1951 wana utaratibu wa kupokea mawazo ya wafanyakazi. Udhibiti na imani vimekaa nyumba moja miaka yote hiyo.

Niwe mkweli pia kwamba imani inaweza kuzidi. Claus Langfred alichunguza timu za wanafunzi wa shahada ya uzamili zinazojiendesha zenyewe, akaeleza mwaka 2004 kwamba pale watu walipoaminiana sana, wakaacha kukaguana huku kila mmoja akifanya kivyake, kazi ilishuka. Ndiyo maana nimekuambia mzee abaki na ukaguzi. Na imani peke yake haibuni kitu. Kama mafundi wako hawajawahi kuona samani zaidi ya zile za mtaani kwao, usalama wa kusema utakuletea marekebisho mazuri ya makabati yaleyale. Wapeleke wakaone. Nanenane kwenye viwanja vya John Mwakangale ni hapohapo mjini, na watengenezaji huleta bidhaa zao. Watume wawili kwa gharama yako, mmoja kijana na mmoja mzoefu, warudi na picha na waeleze wenzao walichokiona.

Kuhusu kuwaondoa wote na kuajiri wa VETA, nakusihi usifanye kwa sababu hii. Kijana mpya atafika na mawazo yake, atatoa moja wiki ya kwanza, atatazama linapokelewaje, na wenzake watamweleza mengine wakati wa chai. Muda si mrefu naye ataangalia chini. Utakuwa umepoteza mikono iliyozoea paini, na umejitafutia kesi za kuachisha watu kazi bila sababu halali. Kumwongeza mmoja wa VETA kwa ajili ya ujuzi ambao huna, kusoma michoro au kutumia mashine mpya, hilo ni sawa, baada ya benchi la majaribio kuwa limeshazoeleka.

Kuna mambo ambayo barua haitoshi. Ukimhoji fundi na ukasikia kwamba mtu fulani hapo anawatoza vijana ili wapewe kazi, anawatishia, au anamsumbua mfanyakazi wa kike, usilimalize kwa kikao cha ndani. Tafuta mtu wa nje asiye na upande aje asikilize kila mmoja peke yake. Kama kuna fundi anayedai makato ya nyuma, au una mpango wowote wa kumwachisha mtu, nenda kwanza kwa afisa kazi, au kwenye ofisi ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hapo Mbeya, ukiwa na mikataba yao na daftari la malipo. Kwa upande wa miundo mipya na bei zake, ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika linalohudumia viwanda vidogo, wana watu wa kukaa nawe karakanani. Na ukishaongea na mzee, niandikie alisema nini, maana mengine yote yanategemea jibu lake.